Mwenye Shamba Kando ya Fensi

Muiruri alikuwa tayari amevua suruali na kulala ubavu kwenye kitanda cha kliniki, magoti ameyakunja hadi tumboni, uso ameuelekeza ukutani, wakati daktari alipoona ni vizuri wajuane.

"Mzee, naona kwa kadi unatoka Kuresoi," alisema huku akivaa glavu. "Hata mimi ni wa huko. Mimi ni Cheruto, wa arap Tonui, ng'ambo ya mto."

Nia yake ilikuwa njema kabisa. Alimwona mzee wa watu amekakamaa, akataka kumlegeza kwa habari za nyumbani. Angemtajia jina lingine lolote la Kuresoi, hata la chifu, mzee angestahimili, lakini si la arap Tonui. Miaka kumi na miwili iliyopita Muiruri, mkaguzi mkuu wa kikundi cha wakulima wa mbegu za viazi, aliingia katika shamba la Tonui asubuhi moja, akaona ugonjwa wa mnyauko, akaamuru kila shina ling'olewe. Ekari mbili nzima. Msimu huo binti wa Tonui aliyekuwa chuo kikuu alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo. Na sasa binti huyo alikuwa amesimama nyuma ya Muiruri akiwa na taa mkononi.

"Ngai!" Muiruri akasema, akashuka kitandani kwa upande usiokuwa na ngazi, nusura aanguke.

"Pole pole, mzee! Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimepona."

Nje kwenye korido, Wangare, mke wake kwa miaka thelathini na minne, alikuwa hata hajakaa vizuri kwenye benchi. Alimwona mumewe akitoka mbio, shati nje, suruali ameishikilia kwa mikono miwili.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Dakika nne?"

"Ni daktari mwepesi. Twende."

Mlango ukafunguliwa tena. Daktari Cheruto alitoka akiwa na mshipi wa ngozi mkononi. Alitazama huku na huku kwanza, korido haikuwa na mtu mwingine.

"Mama, mzee amesahau mshipi," akasema. "Na amesahau kuchunguzwa pia."

Wangare aliuchukua mshipi, akaukunja vizuri, akautia kwenye mkoba wake na kuvuta zipu. Kisha akamshika mumewe kiwiko na kumrudisha ndani, na tusidanganyane, alimrudisha kwa nguvu.

"Daktari, tueleze tena," akasema. "Huyu ukimwambia maneno kumi anafika nyumbani na mawili."

"Mzee, unakubali mama asikie?"

"Ameshasikia yote," Muiruri akanung'unika. Alikataa kiti. Tangu mwezi wa pili kukaa kulikuwa shida. Hata kanisani alikuwa akikalia tyubu ya wilibaro iliyofunikwa na leso, na wanakwaya walikuwa wameshaizoea.

Daktari alieleza taratibu. Ile damu na mwasho, ambavyo kila mtu alidhani ni bawasiri, vilimfanya afanyiwe upasuaji mdogo miezi mitatu iliyopita. Kipande kilichotolewa kilipelekwa maabara. Ripoti ilisema kwamba ndani ya njia ya haja kubwa, seli kadhaa zilikuwa zimeanza kubadilika.

"Si saratani," alisema. "Nasema tena, si saratani. Zikiachwa, zingine hazitafanya kitu, na zingine baada ya miaka zinaweza kugeuka saratani. Hatuwezi kujua ni gani. Kwa hivyo tunazitafuta na kuzichoma zingali changa."

"Ni ile mawe baridi," Muiruri akasema. "Nimekaa kwa mawe baridi miaka mingi nikikagua viazi."

"Si mawe, mzee."

"Basi pilipili."

"Si pilipili pia. Ni virusi vinavyoitwa HPV. Ni vya kawaida sana, karibu kila mtu aliyewahi kuwa na mwenzake amevipata wakati mmoja. Kwa wengi mwili huvifukuza. Kwa wachache vinakaa kimya, hata miaka mingi. Kinga ya mwili ikiwa chini vinapata nguvu. Ulipimwa Ukimwi, huna, hiyo ni sawa. Sigara pia inavisaidia. Unavuta ngapi?"

"Mbili."

"Kwa saa," Wangare akasema.

Muiruri alitazama kalenda ya ukutani. Kulikuwa na jambo lililomkaa kooni tangu aliposoma kwenye ripoti mahali ugonjwa wenyewe ulipo, na lilikuwa linamchoma kuliko ugonjwa. "Daktari, mimi sijawahi kufanya... hayo mambo. Watu watasema."

"Sijakuuliza, mzee, na sitakuuliza. Waliofanya wanapata, na wasiofanya wanapata. Hivi virusi vinapita kwa ngozi, haviulizi mtu ni nani." Akafungua kitabu chake. "Nina nafasi Alhamisi saa tano. Baada ya hapo ninaenda semina wiki sita, sitaki ungoje hivyo."

"Alhamisi iko sawa," Wangare akajibu, kabla mumewe hajafungua mdomo.

*

Jioni hiyo alikula githeri akiwa amesimama, sahani ameiweka juu ya kabati. Suruali ilishikwa na kamba ya katani.

"Nipe mshipi yangu, Mama Cate."

"Utaipata Alhamisi. Kwa daktari."

"Alhamisi lori inakuja kuchukua viazi ya stoo."

"Lori," Wangare akasema. Akaendelea kupangusa vikombe.

Muiruri alitafuna kidogo. "Halafu hii virusi. Daktari amesema ni mambo ya watu wawili."

"Amesema."

"Sasa nani aliileta?"

Wangare aliacha kupangusa. Kusema kweli, swali hilo lilikuwa limempitia hata yeye njiani kutoka Nakuru, na alikuwa ameshalimaliza kabla hawajafika Molo.

"Baba Cate, kabla yako mimi nilikuwa na mchumba Elburgon. Na wewe kabla yangu ulikuwa na yule wa Keringet. Usinitolee macho, dada yako aliniambia zamani. Hii kitu inaweza kukaa kimya miaka na miaka. Sasa unataka tupeleke kesi kwa chifu? Mashahidi utawatoa wapi, na wengine walishazikwa?"

Muiruri alicheka bila kupenda, githeri ikampalia. Wangare alimpiga mgongoni mpaka ikashuka, halafu hakuuondoa mkono.

"Unakumbuka mwaka Cate aliingia fomu wani, nikaenda hospitali Molo?"

"Ile mambo ya akina mama?"

"Hiyo mambo ya akina mama ilikuwa hii hii. Virusi hii hii, ila kwangu ilikuwa kwa mlango wa uzazi. Nililala juu ya kitanda miguu imepanuliwa, watu watatu wananiangalia, mmoja anakula mandazi. Wakaona, wakachoma, nikarudi nyumbani kupika. Wewe ulikuwa wapi?"

Alijua alikuwa wapi. Alijua hata rangi yake, ilikuwa buluu, na tairi moja ya nyuma ilikuwa imeisha. "Lori ilikuwa imekuja," akasema polepole.

"Ulikuwa kwa lori."

Aliona haya, haya ya kweli, ile inayopasha masikio moto. Alitaka kusema pole na neno likakataa kutoka, miaka kumi na tano ni mingi kwa pole. Basi akasema lile lililokuwa rahisi.

"Mimi siendi, Mama Cate. Labda nipate daktari mwingine. Lakini msichana wa Tonui anishikie taa huko? Hapana. Afadhali nife na heshima yangu."

"Utakufa na heshima na kamba ya katani," Wangare akasema, akazima jiko.

*

Jumatano ilikuwa siku ya ukaguzi, na shamba la kukaguliwa lilikuwa la Muiruri mwenyewe.

Kikundi hicho kilikuwa na sheria moja ambayo haikuvunjwa na mtu. Siku ya ukaguzi mwenye shamba haingii shambani. Anasimama kando ya fensi, mdomo ameufunga, mpaka wakaguzi wamalize mstari wa mwisho. Aliyeitunga ni Muiruri. Alikuwa ameona mara nyingi jinsi mwenye shamba anavyowavuta wageni kwa maneno matamu, njooni mwone hapa, njooni mwone pale, huku akiwapitisha mbali na mashina mabaya.

Wakaguzi walikuwa watatu. Tabby, mwanamke mwembamba asiyecheka mpaka kazi iishe. Sitati, aliyetoka Kitale zamani kufanya kazi ya msitu akaoa huku, na ambaye hukosi kumsikia akiwa bado mbali. Wa tatu alikuwa arap Tonui. Yeye na Muiruri walisalimiana kila wiki kwa miaka kumi na miwili, na salamu hazikuwahi kuzidi habari na mzuri.

"Mzee, leo umefunga suruali na kamba ya ng'ombe?" Sitati akauliza.

"Kagua viazi, wachana na suruali," Muiruri akasema, akasimama kando ya fensi karibu na mkewe.

Shamba lilikuwa limechanua vizuri, maua meupe mstari kwa mstari. Muiruri aliwatazama wakipita na alikuwa na raha moyoni, raha yake ya kwanza wiki hiyo. Mstari wa kwanza, sawa. Wa kumi, sawa. Wa kumi na nane, Tabby akasimama. Akainama. Akamwita Tonui.

Muiruri alijua. Kwa kweli alijua tangu Jumapili. Alikuwa amepita hapo baada ya kanisa akaona mashina matatu majani yamelegea, yangali kijani, adhuhuri. Akajiambia ni jua, kesho yatasimama. Hakurudi kuangalia.

"Hizo ni jua tu!" akapaza sauti, na kabla hajajua anafanya nini, mguu ulikuwa umevuka fensi. Alitembea katikati ya mistari, mkono mmoja kwenye kamba ya suruali. "Ni jua, Tabby! Jana ilikuwa kali sana!"

Tabby alimtazama kama aliyemwona pasta akivuta bangi. "Mzee Muiruri. Uko ndani ya shamba."

"Nimekuja tu kueleza..."

"Rudi kwa fensi."

Alirudi. Ilikuwa safari ndefu. Wangare alimsogezea nafasi kando yake, na mtu anayemjua Wangare angeogopa hapo.

Tonui alikata shina moja chini kabisa, akalishikilia ndani ya maji safi katika glasi aliyokuja nayo mfukoni. Wakangoja. Baada ya dakika chache nyuzi nyeupe zikaanza kushuka kutoka kwenye shina, nyembamba, kama maziwa yanayomwagika polepole. Huo ulikuwa mnyauko, hakuna jua duniani linaloweza kufanya hivyo. Tonui aliinua glasi ili mwenye shamba aone, kisha akaja nayo mpaka kwenye fensi.

Muiruri alisubiri. Alikuwa amesubiri siku hii miaka kumi na miwili, na akaona heri imalizike. "Sema, Tonui. Nimekupa nafasi."

"Ni matatu," Tonui akasema. "Tutayang'oa na udongo wake, na ya jirani yake. Mbegu hutauza msimu huu, unajua sheria. Lakini viazi vyako vitaenda chipsi, na shamba litapona."

"Ni hivyo tu? Mimi nilikung'olea ekari mbili."

Tonui alizungusha glasi mkononi. "Muiruri, acha nikwambie kitu. Wiki mbili kabla hujakuja kwangu nilikuwa nimeona mashina manne. Manne tu. Nikasema ni jua. Ungekuja siku hiyo ungeng'oa manne. Nilikukasirikia mwaka mzima. Ni Cheruto alinikemea, na karo ni yake iliyopotea. Aliniambia, baba, huyo mzee hakuleta ugonjwa, aliuona tu."

Muiruri alisogea karibu zaidi na fensi.

"Alisema hivyo?"

"Alisema. Sasa ni daktari huko Nakuru. Sijui anatibu nini, hanielezi mambo ya wagonjwa wake hata kidogo." Tonui akacheka. "Nikimuuliza ananiambia nichunge ng'ombe."

Wangare aliangalia maua ya viazi. Hakusema kitu kuhusu kliniki, si hapo mbele ya watu, hiyo heshima alimwachia mumewe. Alisema tu, "Baba Cate, kesho tunaondoka saa kumi na mbili."

"Saa kumi na moja na nusu," Muiruri akasema. "Molo kuna ukungu."

*

Alhamisi saa tano alilala ubavu tena, magoti tumboni, uso ukutani. Safari hii Wangare alikuwa ndani, amekaa karibu na kichwa chake.

"Mzee, kabla sijaanza," Cheruto akasema, "ile siku nilikukosea. Mtu akiwa hana suruali hatambulishwi ukoo."

Kitanda kilitikisika. Muiruri alikuwa anacheka.

"Sasa nitaweka sindano ya ganzi, itauma kidogo kama siafu. Halafu nitapaka siki."

"Siki? Ile ya kumwagia chipsi?"

"Hiyo hiyo, ila hii ni ya hospitali. Nikipaka, nasubiri dakika chache. Mahali pazima panabaki vile vile, mahali seli zimebadilika panageuka peupe. Ndiyo najua pa kuchoma."

Muiruri aliinua kichwa. Aligeuka kadiri alivyoweza kugeuka katika hali ile, akamtazama msichana wa Tonui na taa yake. "Kama glasi," akasema.

"Glasi gani?"

"Muulize baba yako. Endelea, daktari."

Aliendelea. Siafu aliuma kweli. Ikaja harufu ya siki, halafu harufu nyingine ambayo Muiruri aliamua kutoifikiria. Wangare alimshika mkono. Cheruto alihesabu kwa sauti, moja, mbili, ya tatu ndogo hapa.

"Tatu," Muiruri akasema.

"Tatu tu. Unaumia, mzee?"

Muiruri aliendelea kutazama ukuta.

"Mzee, unanisikia? Unaumia?"

"Hawezi kujibu," Wangare akasema. "Kwao mwenye shamba haongei mpaka mstari wa mwisho."

Ilipoisha, Cheruto aliwaandikia dawa ya maumivu na tarehe ya kurudi, baada ya miezi sita, na nyingine baada ya hiyo. Hizi seli zina tabia ya kurudi, akasema, kwa hivyo kuchunguzwa ni kila mara, si mara moja. Sigara aziache. Muiruri alikubali yote. Alikuwa mwepesi, alikuwa na njaa, angekubali hata kuwa mwanakwaya.

"Na wewe, mama?" Cheruto akauliza akiandika. "Mlipoingia ulisema uliwahi kutibiwa mlango wa uzazi. Ni virusi vya familia moja, na aliyepata shida huko anafaa kufuatiliwa vizuri. Ulipimwa mara ya mwisho lini?"

Wangare aliweka mkoba sawa magotini. "Aa, mimi niko sawa."

"Lakini lini?"

"Walinichoma tu, nikapona."

"Walikuambia urudi baada ya muda gani?"

"Mwaka mmoja."

"Na hiyo ilikuwa mwaka gani?"

Wangare, mwanamke aliyekuwa na jibu la kila mtu tangu Jumanne, alitazama kalenda ile ile ya ukutani. "Cate alikuwa fomu wani," akasema kwa sauti ndogo.

Muiruri aliketi. Alisahau kabisa kwamba hapaswi kuketi, akaruka, akasimama na shuka amejifunga kiunoni. "Miaka kumi na tano! Mama Cate! Na umenifungia mshipi kwa mkoba!"

"Sijawahi kusikia uchungu wowote."

"Ni jua tu," Muiruri akasema. "Sivyo? Ni jua tu!"

Daktari aligeuka upande wa dirisha mabega yakimtikisika. Wangare alijaribu kukasirika, akashindwa, akafunika uso na leso na kucheka mpaka machozi yakatoka. Kisha machozi yakaendelea baada ya kicheko kuisha, na Muiruri akayaona.

"Naogopa," akasema ndani ya leso. "Ndiyo maana sikurudi. Nililala pale peke yangu, Baba Cate."

"Najua. Pole, Mama Cate. Pole sana." Neno lilitoka lenyewe.

Sista wa chumba cha pili alikuwa na nafasi ya kumpima Wangare. Ilikuwa kazi ya dakika chache. Wangare alifungua mkoba, akatoa mshipi na kumpa mumewe. Halafu akampa na mkoba wenyewe.

Kwenye korido Muiruri alikaza mshipi tundu la mwisho, akasimama mbele ya mlango wa chumba cha pili, mkoba wa maua ukining'inia kwenye mkono wake. Simu ikalia. Alikuwa Sitati, na korido nzima ilimsikia.

"Mzee! Lori imefika! Dereva anasema hawezi kungoja, anataka mwenye viazi! Uko wapi?"

"Niko na mke wangu."

"Sasa nimwambie nini?"

"Mwambie aende. Lori ziko nyingi."

Alizima simu. Mlinzi wa kliniki, kijana mwenye roho nzuri, akamsukumia kiti cha plastiki. "Mzee, kaa hapa basi, usichoke."

"Asante, boss. Nimesimama tu mpaka wamalize."

Nyuma ya mlango vyuma viligongana kwenye trei. Sista alisema kitu, na Wangare hakumjibu sista.

"Baba Cate? Uko hapo?"

"Niko."